Fedha Juu ya Sanduku: Uchambuzi wa Kisa cha Igizo la Muziki Mjini Iringa

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika ukumbi mmoja wa mikutano mjini Iringa, ambako kundi la wasanii wa mtaani, wengi wao waimbaji wa kwaya, lilionyesha igizo la muziki ambalo wanakundi walilitunga wenyewe, maneno na nyimbo. Katika onyesho la kwanza, wimbo mrefu kuliko zote ulipofika ubeti wa pili, watazamaji walianza kuinuka vitini, wakapanda jukwaani na kuweka fedha juu ya sanduku la mbao lililokuwa sehemu ya mandhari. Wimbo ulivurugika, waigizaji wawili walipoteza nafasi zao za kusimama, na viongozi wa kundi wakaondoka usiku ule wakiwa wameshawishika kwamba watu wa mtaani kwao hawajui kutazama igizo. Katika onyesho la pili wakapiga marufuku kupanda jukwaani. Hoja yangu ni kwamba walikisoma vibaya kilichotokea, na kwamba watu waliopanda na noti zao mkononi walikuwa wameliingia igizo kwa kina kuliko mwongozaji wake alivyotarajia.

Kundi sitalitaja jina, wala ukumbi. Linafanana na makundi mengi ya Nyanda za Juu Kusini: uti wa mgongo wake ni kwaya, na waliobaki wamejiunga kwa sababu ya urafiki au ujirani. Maneno ya igizo yaliandikwa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Sauti zilipangwa na mwalimu wa kwaya, ambaye amezoea kuwapa soprano kazi ya kubeba wimbo na kuwaacha besi wakinguruma chini. Maleba yalishonwa na fundi cherehani wa Miyomboni ambaye pia aliimba alto. Vijana wawili wa bongofleva waliletwa ili wenzao wa rika lao wapate sababu ya kulipa kiingilio, na dereva wa bajaji kutoka Kihesa akapewa nafasi ya gavana wa Kiingereza kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kutembea kwa majivuno bila kucheka. Mazoezi yalifanyika jioni baada ya kazi, kibali kikafuatiliwa kwa afisa utamaduni, maana maonyesho ya jukwaani nchini yanaongozwa na sheria tangu mwaka 1976, na tiketi zikauzwa na wanakwaya wenyewe baada ya ibada.

Igizo lenyewe linamhusu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lakini halianzii pale ambapo kila mtu mjini Iringa angetarajia. Vita ya Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891, ambapo jeshi la Emil von Zelewski liliangamizwa na kamanda huyo mwenyewe akauawa, haimo. Kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwezi Oktoba 1894 kumo katika sentensi moja tu ya msimulizi. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu vita ya Lugalo imekwisha kuimbwa na kila shule ya mkoa huu kwenye kila sherehe, na mtoto wa darasa la tano anaweza kukusimulia jinsi Wajerumani walivyoviziwa. Mtunzi alichagua habari ya fuvu. Mkwawa alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa, na baadaye fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara yake ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi hiyo sita ikageuka miaka 35, na igizo linajaza pengo hilo kwa nyimbo za watu wanaongoja.

Wimbo uliotungwa kwa ustadi kuliko yote unahusu jumba la makumbusho la Bremen, ambako Edward Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alikwenda kulitafuta fuvu. Jumba hilo lilikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yalitoka katika lililokuwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Twining alitenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachukua lile lililokuwa na tundu la risasi. Kwenye igizo, kwaya nzima inakuwa yale mafuvu 84. Wanaimba wakiwa wamefumba macho, kila sauti ikitaja mto au mlima wa kwao, huku dereva wa bajaji akipita mbele yao na futi ya kushonea ya fundi cherehani, akipima vichwa. Watu walicheka mwanzoni, kisha kicheko kikapungua kila alipohama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, kwa sababu ilianza kudhihirika kwamba atamchukua mmoja tu na 83 watabaki rafuni. Mtunzi hakuyafafanua hayo kwa maneno, aliiachia kwaya.

Wimbo wa sanduku ndio unaofuata. Ni tarehe 19 Juni 1954, mahali ni Kalenga, na gavana analikabidhi fuvu kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Sanduku linaingizwa na vijana wanne, limefunikwa mgolole, nguo ya kujitanda ya wazee wa Kihehe, linawekwa katikati ya jukwaa juu ya kigoda. Kinanda kinanyamaza. Mzee mmoja anayekaa pembeni anaanza kupiga ligombo, ile ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa kama hori, na mwimbaji wa kike anaanzisha wimbo kwa Kiswahili huku kwaya ikiitikia kwa Kihehe.

Mtu wa kwanza kuinuka alikuwa mama wa makamo aliyeketi safu ya tatu. Alijifunga vizuri kitenge chake, akatoa noti iliyokunjwa katika pindo, akapanda ngazi za pembeni polepole. Alimpita mwimbaji bila kumtazama. Alipofika kwenye sanduku aliikunjua ile noti, akailaza juu ya mgolole kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua mbili kabla ya kugeuka. Nyuma yake walikuwapo tayari wazee wawili, mmoja akiwa ameshavua kofia. Baada ya hapo ukawa mstari. Noti zilikuwa za 1,000 na 2,000 zaidi, sarafu chache, na mtu mmoja aliweka bahasha iliyofungwa. Kwaya, ambayo ilikuwa imefundishwa kuimba kiitikio mara mbili kisha ishuke taratibu, haikujua la kufanya na ikaendelea kukirudia, na kadiri ilivyokirudia ndivyo ukumbi ulivyozidi kukidaka. Mwongozaji alikuwa akipunga mkono kutoka kwenye pazia akitaka watu washuke. Hakuna aliyemwona, au waliomwona walidhani ni sehemu ya igizo.

Maelezo ya viongozi, walipokutana kutathmini, yalikuwa mepesi: watu wamezoea kutunza. Katika taarabu, katika harusi, katika tamasha la kwaya, msanii akiimba vizuri hutunzwa, na mtazamaji asiyefahamu tofauti ya tamasha na igizo huchukua desturi ya kule na kuileta huku. Kwa maelezo hayo dawa ni kuelimisha hadhira. Siwalaumu kwa kufikia hapo haraka, kwa kuwa juu juu mambo haya mawili yanafanana sana: kuna wimbo, kuna noti, kuna mtu anayepanda jukwaani. Lakini kutunza kuna taratibu zake, na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa harusi anazijua. Anayetunza humwendea mtu. Noti hubandikwa kwenye paji la uso, huchomekwa kifuani, hutiwa mkononi mwa mwimbaji au kapuni miguuni pake. Mtunzaji huja akicheza, ikiwezekana na shoga zake nyuma, na nusu ya furaha yake ni kuonekana. Wengine huwa na noti ndogo ndogo ili safari ziwe nyingi. Katika ukumbi ule wa Iringa hakuna aliyecheza. Mwimbaji, ambaye sauti yake usiku ule ilistahili kapu zima, hakupewa hata sarafu. Watu walilitolea sanduku, wakatoa mara moja, wakarudi kuketi.

Kwa Kiswahili cha kila siku tendo hilo lina jina, nalo ni rambirambi. Namna ya kupanda, kofia kuvuliwa, noti kulazwa badala ya kurushwa, kutomtazama mtu, yote ni ya msibani. Ushahidi ulionitosheleza kabisa ulitolewa na mzee mmoja baada ya onyesho, alipomfuata mhazini mlangoni na kumuuliza ni nani anayeandika majina. Msibani huwa kuna daftari, na mzee yule alikuwa amelitafuta kwa macho akalikosa. Mhazini alilichukua swali hilo kama mzaha na kulisimulia kwa kicheko kwenye kikao cha tathmini, na kikao kikacheka pia, ingawa jibu la kitendawili chao lilikuwa limewekwa mezani.

Kwa nini msiba, na kwa nini pale? Sababu moja ipo katika historia yenyewe. Kaburi la Mkwawa liko Mlambalasi, upande wa barabara ya kwenda Ruaha, ilhali fuvu limewekwa Kalenga katika jumba la kumbukumbu, ambako wanafunzi na watalii hulitazama ndani ya kioo. Mtu wa Iringa anaweza kwenda Kalenga mara nyingi asipate hata mara moja nafasi ya kufanya tendo ambalo desturi inamdai afanye mbele ya marehemu wa kwao, kwa kuwa mbele ya kioo hufanyi kitu, unasoma maelezo na kupisha wengine. Igizo likamletea sanduku lisilo na kioo, limefunikwa nguo ya wazee wake, ligombo likilia pembeni. Sababu ya pili imo katika utunzi, na mwalimu wa kwaya anapaswa kuibeba kwa fahari. Wimbo ule una mwanzilishi na waitikiaji, kiitikio ni kifupi, na kila ubeti unaishia sauti ikiwa juu, kana kwamba unamngoja mtu. Wimbo wa namna hiyo ukiimbwa mbele ya watu waliolelewa katika misiba ya kijijini huwezi kutaka wakae wakiwa wamefumbata mikono.

Katika onyesho la pili mshereheshaji alitangaza, kwa adabu lakini kwa kurudia, kwamba hairuhusiwi kupanda jukwaani wala kutunza wasanii, na anayetaka kuchangia atalikuta kapu mlangoni. Vijana wawili wakawekwa kwenye ngazi. Wimbo wa sanduku ulipoanza, bibi mmoja alifika hadi kwenye ngazi, na mazungumzo yao niliyasikia kwa kuwa nilikuwa nimeketi karibu.

"Shikamoo bibi. Samahani, tumeagizwa mtu asipande."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sipandi kucheza. Naweka changu nashuka."

"Kapu liko mlangoni, bibi."

"Mlangoni kuna nani?"

Kijana hakuwa na jibu, na bibi hakulingoja. Alirudi kitini, akakaa kidogo, kisha akaondoka kabla igizo halijaisha. Wimbo ulikwenda kama ulivyoandikwa, viitikio viwili na kushuka, mwanga ukapunguzwa kwa wakati wake. Viongozi walifurahi. Mwalimu wa kwaya peke yake ndiye aliyelalamika kwamba wimbo ulikuwa umepungua urefu, na alipooneshwa kwamba dakika zilikuwa zile zile zilizoandikwa alisisitiza kwamba haukufika. Kapu la mlangoni lilikuwa na sarafu chache za watu waliotaka kupunguza uzito mfukoni.

Pengine ubishi ungeishia hapo, kila upande na imani yake, kama kundi lisingealikwa Mbeya. Kule mshereheshaji alikuwa mwenyeji, hakupewa maelekezo, na hakuna aliyetangaza katazo lolote. Ukumbi ulikuwa na mchanganyiko wa kawaida wa mji ule: Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali, Wakinga waliokuja kwa biashara, wanafunzi wa vyuo, na Wasangu kadhaa kutoka upande wa Mbarali. Wakati wa wimbo wa kupima mafuvu, ambao Iringa ulikuwa umeanza na kicheko na kuishia kimya, Mbeya walicheka mpaka mwisho na wakapanda kumtunza gavana. Walipanda wakicheza, wakambandika noti kwenye kipaji chini ya kofia yake ya kadibodi, mmoja akamvalisha miwani yake. Kilikuwa kitendo cha kutunza kwa taratibu zake zote. Sanduku lilipoingia walitulia, wakasikiliza kwa heshima kabisa, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Mzee mmoja Msangu aliwaambia wasanii baadaye, kwa utani uliokuwa na ncha, kwamba wamemwimba Mkwawa vizuri lakini hawakumtaja Merere. Alikuwa na haki yake: Wahehe na Wasangu walipigana sana katika karne ya 19, na watawala wa Usangu waliokuwa na jina hilo waliishia kushirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Kwake sanduku lile lilikuwa habari ya jirani.

Tofauti ya kumbi hizi mbili ndiyo inayokata mzizi wa fitina. Igizo ni lile lile, nyimbo ni zile zile, na watu wa miji yote miwili wanajua kutunza. Kama tendo la Iringa lingekuwa mazoea ya kutunza tu, lingejitokeza Mbeya kwenye wimbo ule ule na kwa namna ile ile. Halikujitokeza, kwa sababu waliokuwa kwenye viti vya Mbeya hawakuwa wafiwa.

Wanaofahamu historia ya sanaa za maonyesho nchini watakumbuka kazi ya walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1980, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliokwenda vijiji kama Malya na Msoga na kuigiza pamoja na wanakijiji hadi mstari kati ya mwigizaji na mtazamaji ukafifia. Kisa chetu kinatofautiana na kazi hiyo kwa jambo moja kubwa. Kule kuvuka mstari kulikusudiwa na kuandaliwa, na mada zilikuwa shida za kijiji zinazohitaji mjadala. Hapa hakuna aliyeandaa, na watu hawakuvuka ili wajadiliane; walivuka ili watimize wajibu.

Baada ya Mbeya kundi lilirudi Iringa na kuupanga upya wimbo, na mabadiliko hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa mazuri. Ngazi zililetwa mbele, katikati, badala ya pembeni. Sanduku likasogezwa karibu na watu. Mwimbaji anaketi chini baada ya ubeti wa pili, kwaya inashika kiitikio peke yake na kukirudia hadi mstari wa watu uishe, na mpiga ligombo ndiye anayeamua lini wimbo unafungwa, kwa kuwa yeye ndiye anayeona ngazi. Gharama yake ni kwamba hotuba ya Adam Sapi, iliyokuwa ikifuata, imekatwa, maana hakuna hotuba inayoweza kusikilizwa baada ya pale. Mwalimu mstaafu aliinung'unikia kidogo, kisha akakubali.

Lililoharibika ni kwamba mtu fulani, sijui nani, alimruhusu mshereheshaji kukaribisha watu wapande. "Sasa ndugu watazamaji, huu ndio wakati wenu." Kuanzia hapo jambo linageuka harambee: wanakuja wanaotaka kuonekana, noti zinapeperushwa, vijana wanapiga picha na simu zao wakiwa wameegemea sanduku. Kumkataza mtu kutoa rambirambi na kumtangazia azitoe vyote vinamnyang'anya tendo lake. Mshereheshaji angenyamaza, na ngazi zikawepo, ingetosha.

Suala la fedha lilileta mvutano ambao nautaja kwa kifupi. Mhazini alikuwa ameziandika kwenye fungu la mapato mengineyo, na baadhi ya wasanii walitaka zigawanywe kama posho. Mwalimu mstaafu alikataa katakata, akisema fedha ya msiba hailiwi na waimbaji. Hatimaye zikaingizwa kwenye mfuko wa kufa na kuzikana wa kwaya, jambo ambalo lingekuwa safi kama wale vijana wawili wa bongofleva wangekuwa wanachama wa mfuko huo, nao si wanachama. Malalamiko yao ni ya haki na hayajajibiwa.

Kundi sasa linajiandaa kwenda Songea, na hapo ndipo ningependa viongozi wakae na kufikiri kabla ya kuchapisha tiketi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni waliopigana katika Vita vya Majimaji, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, aliuawa katika siku zile zile; ukoo wake umeendelea kudai kichwa chake ambacho unaamini kilipelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea mwezi Novemba 2023 na kuomba radhi. Kwa hadhira hiyo wimbo wa mafuvu 84 hautakuwa kichekesho kama Mbeya, na sanduku linaloingia jukwaani likiwa na mwenyewe linaweza kuonekana kama majivuno ya watu waliokwisha kupata chao. Inawezekana wakapanda, inawezekana wakakaa, inawezekana wakauliza la kwao liko wapi, na mpiga ligombo hawezi kuachiwa peke yake kuamua la kufanya. Ushauri wangu kwa kundi ni kwamba wajumbe wawili watangulie Songea, mmoja wao akiwa mwalimu mstaafu, wakawaone wazee wa ukoo wa Mbano, wawasimulie wimbo wa sanduku mwanzo hadi mwisho, na wawaulize kama lifunikwe mgolole au lifunikwe nguo nyingine.